Utoro wa maji wa bwawa la kijijini umepasuka na mvua ndio zimeanza. Tukae au tuhame?

#1 Mkulima wa Mbaazi (mleta mada)
Wakuu salaam. Mimi ni wa Nachingwea. Kijiji sikitaji, wazee wameshaanza kuulizana nani anapeleka habari nje.

Tuna bwawa la tuta la udongo, la siku nyingi. Kushoto kwake kuna utoro wa maji wa zege, ndipo maji ya ziada yanapotokea likijaa. Mwaka huu linajaa mapema, Desemba haijaisha maji yameshakaribia mdomo wa utoro. Juzi nimeshuka kuangalia nikakuta kipande cha tatu cha sakafu kimezama upande mmoja, ufa wake unameza vidole vinne. Hapo juu ni pakavu kabisa, maji hayajaanza kumwagika, lakini kule chini zege linapoishia maji yanatoka uvunguni. Sio mengi, ndoo inajaa ukiwa na subira. Kuna mama alikuwa anafulia pale, akaniambia hiyo "chemchemi" imeanza tangu tumemaliza kuvuna ufuta. Nikachukua jiwe nikagonga sakafu. Sehemu nyingine inalia kizito, sehemu nyingine inalia kama debe tupu.

Chini ya bwawa kuna mpunga, kitongoji kizima, shule ya msingi na kalavati la barabara ya mjini. Nimemwambia mwenyekiti, kasema "lipo tangu hatujazaliwa". Wajuzi, hili bwawa linaondoka au haliondoki?

#2 Kokoto
Picha mkuu. Bila picha hizi ni hadithi za kijiweni.

#3 Mkulima wa Mbaazi
Kamera ya simu yangu imekufa. Nitaazima ya kijana nitupie.

#4 Chikongola Mjini
Watu wa kusini tumezidi kuogopeshwa. Aprili 2019 Mtwara tuliambiwa Kenneth inakuja, shule zikafungwa, watu wakabeba magodoro kwenda sehemu za kujihifadhi. Kimbunga kikaenda zake Msumbiji. Leo mnataka kuhama kwa ajili ya bwawa la kunyweshea mbuzi?

#5 Dada wa Masoko
@Chikongola, Kenneth ilikukwepa wewe. Waulize wa Cabo Delgado kama ilikuwa maneno matupu. Na Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokuja hakuna aliyecheka. Barabara ya Dar ilikatika kule Somanga, mabasi yamelala njiani, sukari Kilwa imepanda bei watu tunaangalia. Mafuriko ya Januari 2020 je? Njinjo kule Kilwa watu walikaa juu ya miti. Wewe uko mjini, maji yakija yanapita kwenye mtaro unaendelea na chai yako.

#6 Mzee Kipara
Bibi yangu alikuwa Lindi mwaka 1952 kimbunga kilipoingia mwezi wa nne. Alikuwa akiona wingu limekaa vibaya baharini anaanza kukusanya sufuria. Tulikuwa tunamcheka.

#7 Fundi Nondo
Mleta mada umetoa maelezo mazuri kuliko picha. Nimefanya kazi kwenye malambo mawili matatu, nitasema ninachojua.

Tuta la udongo adui yake ni maji kupita juu yake. Zege likifurikwa linaweza kuvumilia, udongo hauvumilii. Maji yakianza kuvuka tuta yanachimba upande wa chini, shimo linarudi nyuma kuelekea bwawani, na likifika kwenye maji hakuna wa kulizuia. Ndiyo maana utoro ukawekwa, ukifa utoro tuta limebaki uchi.

Hilo debe tupu unalosikia maana yake udongo chini ya sakafu umeshahamishwa. Utoro ukianza kufanya kazi, maji ya kasi yataingia kwenye huo ufa wa vidole vinne na kukinyanyua kipande kutoka chini. Kikiondoka kimoja, cha pili hakina wa kuegemea.

Fanya hivi: chukua chupa nyeupe ya maji, kinga yale yanayotoka uvunguni, iache usiku mzima bila kuitikisa. Asubuhi angalia kitako. Kama ni meupe pee, una muda. Kama kuna mchanga au tope limetua, bwawa linatolewa matumbo.

#8 Sefu wa Lulindi
Fundi Nondo umekimbia haraka. Utoro wa lambo la udongo kwa kawaida hukatwa kwenye ubavu wa kilima, sio katikati ya tuta. Kilima kikishiba maji ya mvua kinatoa chemchemi popote kinapotaka, ikiwemo chini ya zege lako. Hapa Masasi nimeona nyumba inatoa maji sakafuni kila Februari na hakuna bwawa jirani.

#9 Fundi Nondo
@Sefu, soma tena. Yule mama kasema imeanza baada ya kuvuna ufuta. Ufuta tunavuna mwezi wa sita kwenda wa saba. Huko kusini mvua inakata Mei. Kilima gani kinaanza kutoa chemchemi mpya kiangazi?

#10 Sefu wa Lulindi
Maji ya kilimani hayaendi kwa kalenda. Mvua ya Machi inaweza kutokea bondeni Juni.

#11 Kokoto
Mbishi wewe! Endeleeni, nimeleta mkeka.

#12 Kambale Mweusi
Mnazunguka. Mleta mada jibu swali moja: juu ya mdomo wa utoro kuna viroba?

#13 Mkulima wa Mbaazi
@Kambale umejuaje? Vipo. Safu mbili za viroba vya mchanga, vimepangwa vizuri kabisa, na juu yake wameweka magogo ya mkorosho.

#14 Kambale Mweusi
Nimejua kwa sababu nimekulia kwenye kitu hichohicho. Wavuvi na wenye bustani za kiangazi wanataka maji yakae, kwa hiyo wanaziba utoro bwawa libebe zaidi. Mwezi wa tisa unaona faida: nyanya zipo, perege wapo. Mwezi wa pili unaona hasara. Aliyepima bwawa aliacha nafasi kati ya mdomo wa utoro na kichwa cha tuta ili mvua kubwa ipate pa kupita. Ukipandisha viroba umekula ile nafasi. Ufa wenu ni wa pili, ugonjwa wenyewe ni viroba.

#15 Bustani Kiangazi
Kambale usitutupie lawama zote sisi wa bustani. Kwetu viroba viliwekwa kwa mkutano wa kijiji na muhtasari upo. Mabwawa yanajaa tope kutoka mashamba ya juu, kila mwaka yanabeba maji kidogo kuliko mwaka jana. Watu wanachoma pori, wanapanda ufuta misimu miwili, wanahamia kwingine, udongo wote unashuka bwawani. Tusipopandisha mdomo, Septemba ng'ombe na binadamu wanagombea dimbwi. Nani ataleta mashine ya kuchota tope?

#16 Nyasa hadi Pwani
Umemtaja ng'ombe mwenyewe. Kabla mifugo haijaingia Lindi kwa wingi nani alisikia tuta limebomoka? Wanapanda na kushuka juu ya tuta kila siku, wanakata majani, wanaacha mifereji.

#17 Bustani Kiangazi
Bwawa la mleta mada lina ufa kwenye zege. Ng'ombe gani anapasua zege uvunguni?

#18 Mzee Kipara
Na kabla ya ng'ombe tulikuwa na mchwa. Kichuguu kwenye tuta ni hatari kuliko kundi la ng'ombe, kina njia ndani usizoziona. Tulikuwa tunafukua mpaka tumpate malkia, halafu tunashindilia udongo upya. Siku hizi vijana wanachukua kile kichuguu kutengenezea matofali, wanaacha shimo. Mleta mada, tutani kwenu hakuna kichuguu?

#19 Mkulima wa Mbaazi
Kipo mzee. Na mwembe mkubwa upo.

#20 Mzee Kipara
Mwembe juu ya tuta, na mizizi yake! Haya.

#21 Tajiri wa Korosho
Ninyi mnaongelea lambo wakati kule juu yetu kuna Bwawa la Nyerere, lile la umeme. Likitoka lile, Lindi na Mtwara yote kwaheri. Mmesahau Rufiji 2024?

#22 Dada wa Masoko
Kaka Tajiri fungua ramani. Bwawa la Nyerere liko mto Rufiji, na Rufiji inaingia baharini mkabala na Mafia, kaskazini ya Kilwa. Nachingwea maji yake yanakwenda Mbwemkuru au Lukuledi. Maji hayawezi kupanda milima yakakufuata Mtwara.

#23 Tajiri wa Korosho
Ramani naijua. Lakini mafuriko ya Rufiji yalitokana na bwawa au hayakutokana?

#24 Ndugu wa Ikwiriri
Niko huku, ndugu zangu wana mashamba bondeni. Rufiji ilifurika kabla hata bwawa halijafikiriwa, babu zetu walilima kwa kusubiri mafuriko. Serikali ilisema bwawa lilipunguza, kwamba bila lile maji yangekuwa mengi zaidi. Wananchi wengi huku wanasema maji yalikuja kwa mtindo tofauti, yakakaa muda mrefu, mahindi yakaozea shambani. Mimi naona vyote vinaweza kuwa kweli. Bwawa lisipojaa linameza mafuriko, likishajaa kinachoingia lazima kitoke, na hapo ndipo habari ya lini milango inafunguliwa na nani ameambiwa inakuwa kubwa kuliko megawati 2,115.

#25 Chikongola Mjini
Hapo umeongea mkuu. Kuambiwa mapema ndio kila kitu.

#26 Dada wa Masoko
@Chikongola si ndio wewe wa "tumezidi kuogopeshwa"? 😂

#27 Msomi wa Jioni
Kuna bwawa Marekani linaitwa Oroville, utoro wake uliingia ufa kama huu, bwawa likapasuka 2017 watu laki mbili wakakimbia. Mleta mada hama leo.

#28 Fundi Nondo
Oroville halikupasuka. Tarehe 7 Februari 2017 shimo lilifunguka kwenye sakafu ya utoro mkuu wakati maji yanapita. Wakapunguza maji ili shimo lisipanuke, ziwa likapanda, likamwagika kwenye utoro wa dharura ambao haukuwahi kutumika tangu bwawa likamilike 1968. Ule wa dharura ulikuwa ukingo wa zege, halafu chini yake kilima kitupu. Kilima kikaanza kulika kurudi kwenye ukingo, ndipo tarehe 12 watu kama 188,000 wakaamriwa kuondoka. Tuta lenyewe lilibaki zima mpaka leo.

Waliochunguza wakasema maji yalipenya kwenye nyufa na maungio, yakasukuma sakafu kutoka chini, na mwamba wa chini ulikuwa dhaifu tangu mwanzo. Utoro ulikuwa unakaguliwa, nyufa zinazibwa juu juu, na maji yaliyokuwa yanatoka kwenye mifereji ya chini yakaonekana ni kawaida. Rudi kwenye maneno ya yule mama anayefua.

#29 Sefu wa Lulindi
Unalinganisha bwawa la mita zaidi ya mia mbili na lambo la Nachingwea?

#30 Fundi Nondo
Nalinganisha maji na zege.

#31 Msomi wa Jioni
Poa, na Mai Mahiu Kenya je, Aprili 2024? Lile bwawa lilipasuka usiku likabeba watu.

#32 Jirani wa Nakuru
Habari za kwanza zilisema bwawa. Baadaye wizara ya maji ikasema hakukuwa na bwawa, maji yalijikusanya nyuma ya tuta la reli baada ya njia ya chini kuzibwa na magogo na udongo, kisha yakafumuka. La bwawa kweli ni Solai, Mei 2018, la kwenye shamba la mtu binafsi. Lilipasuka usiku, watu zaidi ya 40 wakafa. Na lile nalo lilikuwa la udongo, wala sio kubwa kivile.

#33 Kokoto
Mleta mada umesema chini yenu kuna kalavati la barabara. Kwa hiyo mna Solai juu na Mai Mahiu chini. Pole.

#34 Mwana wa Mtama
Nilikuwa nasoma kimya. Sisi wa Nyangao na Mtama ndio tunaopokea kila kinachotoka huko juu kupitia Lukuledi. Mafuriko ya 1990 nilikuwa mtoto, nakumbuka mto umekuwa mwekundu na mabati yanaelea. Naomba ijulikane: Nachingwea wakijadili kuhama au kukaa, kuna watu chini ambao hawajui hata kama lambo lipo.

#35 Kilinge
Mnaongea zege tu. Wenyeji wanajua bwawa lina mwenyewe. Nyoka yule akikasirika anahama, na akihama anaondoka na maji. Lini mara ya mwisho mmepeleka unga pale?

#36 Mkulima wa Mbaazi
@Kilinge hilo nalo limesemwa kikaoni. Wazee wanasema tambiko lilisimama tangu mganga wa mwisho afariki. Mwalimu mkuu akasema nyoka apewe haki yake lakini na viroba vitolewe.

#37 Kilinge
Mwalimu mwenye busara huyo.

#38 Mstaafu wa Wilaya
Niulize, bwawa limejengwa na nani? Nachingwea ilikuwa moja ya vituo vikuu vya mradi wa karanga wa Waingereza baada ya vita, kulikuwa na reli kutoka Mtwara, ikang'olewa miaka ya mwanzo ya sitini. Mashimo na matuta mengi ya wakati ule yapo. Kama ni la wakati ule, hamtapata mchoro popote na nondo ndani ya zege pengine hakuna.

#39 Mkulima wa Mbaazi
Hapa ndipo tunapogombana. Baba anasema Wazungu wa karanga. Mwenyekiti anasema nguvu za wananchi wakati wa vijiji vya ujamaa, na marehemu baba yake alibeba mawe. Kuna wanaosema wote wamesema kweli, tuta la Wazungu, utoro wa ujamaa.

#40 Fundi Nondo
Hiyo ya mwisho ingeeleza mengi. Zege jipya kuegeshwa kwenye udongo wa zamani bila kushindilia, maungio hayashiki.

#41 Mjukuu wa Sheria
Tuache historia kidogo. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inagusa usalama wa mabwawa, mwenye bwawa ana wajibu wa kulitunza na kukaguliwa. Huko kwenu mnahusika na Bodi ya Maji Bonde la Ruvuma na Pwani ya Kusini, ofisi Mtwara. Andikeni barua, mhuri wa kijiji, nakala kwa mkurugenzi na mkuu wa wilaya. Simu haina nakala.

#42 Bustani Kiangazi
Mwenye bwawa nani sasa? Ndio swali. Kijiji kinasema la serikali, ukienda wilayani unaambiwa la kijiji. Samaki wakiwepo wenyewe ni wengi.

#43 Mjukuu wa Sheria
Ndio maana nikasema barua. Barua inamlazimisha mtu ajibu "si langu" kwa maandishi.

#44 Kokoto
Hii nimeikopa.

#45 Mkulima wa Mbaazi
Wakuu, mrejesho. Chupa nimefanya kama Fundi alivyosema. Imelala dirishani usiku kucha. Asubuhi kitako kina mchanga mwembamba wa kijivu, unene wa ukucha, na maji juu meupe. Nimechukua na nyingine kutoka bwawani kwenyewe ili kulinganisha: ile tope lake ni jekundu. Picha nimetupia hapo chini, samahani kwa kidole cha kijana.

#46 Sefu wa Lulindi
Si unaona? Rangi tofauti. Ingekuwa maji ya bwawa tope lingekuwa jekundu. Ni chemchemi ya kilima.

#47 Fundi Nondo
Rangi tofauti kwa sababu mchanga hautoki bwawani, unatoka chini ya zege. Ndio ule unaoliacha debe tupu.

#48 Kambale Mweusi
Au umetoka kwenye sabuni na nguo za yule mama. Mnabishania ukucha. Viroba vimetolewa?

#49 Mkulima wa Mbaazi
Tulikaa jana. Vijana walitoa safu ya juu na magogo. Safu ya chini wavuvi wakaikalia, kwa maana halisi, wamekaa juu yake. Wanasema wametia vifaranga vya perege mwaka huu, maji yakitoka kwa nguvu vinakwenda Lukuledi. Mwenyekiti kasema liachwe mpaka wataalamu waje. Barua imeandikwa, imekosa mhuri kwa sababu mtendaji yuko mafunzoni.

#50 Mwana wa Mtama
Vifaranga vikija huku tutavila, msiwe na wasiwasi. Toeni viroba.

#51 Fundi Nondo
Wakati mnasubiri: msizibe ule ufa kwa saruji juu juu, mtakuwa mmefunika tu. Msizibe pale maji yanapotokea, yatatafuta njia nyingine ndani. Wekeni kijiti chenye alama ukingoni, mtu mmoja asome asubuhi na jioni, mvua ikinyesha asome na usiku. Maji ya chini yakibadilika ghafla kuwa mengi au ya tope, kitongoji na shule wapande juu, hakuna kikao. Na mkubaliane ishara. Kengele ya shule sawa, ila iwe tofauti na ya mapumziko.

#52 Chikongola Mjini
Na spika ya msikiti je?

#53 Mkulima wa Mbaazi
Tumekubaliana msikiti na kengele vyote viwili. Kijiti nimechoma mwenyewe. Jioni ya leo maji yako vidole sita chini ya viroba vilivyobaki.

#54 Sefu wa Lulindi
Jumamosi napita Nachingwea kupeleka mzigo. Naomba nielekezwe inboksi, nataka nigonge hiyo sakafu kwa mkono wangu. Nitakuja na nyundo.

#55 Tajiri wa Korosho
Ukienda uliza perege wanauzaje.

#56 Bustani Kiangazi
Kiangazi fungu lilikuwa elfu tatu. Sasa hivi hawataki kuuza, wamekaa juu ya viroba.